Wembamba wako usikudanganye

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Nimempa mdogo wako barua hii akuletee hapo kijiweni Buhongwa, maana kwenye simu unacheka. Juzi nilipokwambia nimeacha sukari kwenye chai kwa sababu ya kisukari ulisema, "Mama, hiyo ni ya watu wanene." Sikupata usingizi.

Kweli mimi ni mnene. Nilipimwa sukari ya damu asubuhi kabla ya kula, ikasoma 7.8. Wakarudia, bado iko juu ya 7, na hapo ni kisukari. Nesi alinieleza taratibu: sukari ikiingia kwenye damu, kongosho hutoa insulini, nayo huifungulia njia iingie kwenye misuli. Mafuta yakijaa tumboni, misuli na ini huacha kuiitikia vizuri hiyo insulini. Kongosho huzidi kutoa, miaka inapita, mwisho huchoka.

Nikamuuliza habari zako. Akasema wapo watu wembamba ambao chini ya ngozi hapatoshi kuhifadhi mafuta, kwa hiyo yanayozidi hukaa ndani ya ini na kuzunguka utumbo. Kwa nje huoni kitu. Na ile sukari tunayokoroga kwenye chai, nusu yake ni fruktosi, aina mojawapo ya sukari. Sehemu kubwa ya hiyo hushughulikiwa na ini, na ikizidi hugeuka mafuta humo humo.

Hapo nikamkumbuka babu yako. Maisha yake yote ni kuvuta nyavu Ukerewe, mbavu zinahesabika. Kisukari kilikuja kujulikana kidonda cha mguu kimeshaoza, wakaukata. Nani angemdhania? Damu yake unayo wewe.

Ulipokuwa unabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, misuli iliitumia sukari yako. Siku hizi unashinda umekaa kwenye pikipiki, lakini soda ni zile zile mbili kwa siku. Chupa ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya kuongezwa isifike hata gramu 25 kwa siku nzima. Baba, hiyo chupa moja tu imeshapita!

Jumamosi njoo alfajiri, usile wala kunywa chai, maji tu. Twende wote ukapimwe. Nitakuwekea sato wa kukaanga, utamla ukishatolewa damu.

Mama yako