Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mtuambie kabla hatujazika

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Biharamulo, mkoani Kagera. Ombi langu ni moja: mkihisi kuna ugonjwa, mtuambie kwamba mnahisi. Msingoje uhakika.

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Biharamulo na Muleba kuna watu 9 wanaohisiwa kuugua Marburg, homa kali ya virusi inayoua, na 8 kati yao wameshafariki. Wizara ikajibu kuwa sampuli zilizopimwa hazina kirusi hicho. Tarehe 20 Rais akatangaza akiwa Dodoma: mgonjwa mmoja amethibitika, wengine 25 waliopimwa hawana.

Katika siku hizo za katikati tulimzika jirani yetu, mzee aliyesumbuliwa na presha miaka mingi. Asubuhi nzima wanaume walibishana uani, tumuoshe kama kawaida au tusimguse. Aliyeulizia glovu aliitwa mwoga, akasogezewa simu yenye tamko la Wizara: "Soma mwenyewe, haupo." Basi tukamuosha kwa mikono mitupu. Mungu alitustiri, kilichomwondoa kilikuwa presha kweli. Ila Marburg hupita kwenye majimaji ya mwili, na maiti huambukiza kama mgonjwa, kwa hiyo nikikumbuka ile beseni bado nasisimka.

Sisemi mlidanganya. Huenda sampuli zile hazikuwa na kitu. Lakini sampuli chache kuwa hasi hakumaanishi wilaya nzima ni salama, na tamko lilishindwa nini kuongeza: "bado tunapima, msiguse maiti"?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili mnaliweza. Machi 2023, huko Bukoba Vijijini, mlitangaza ugonjwa usiojulikana katika kata za Maruku na Kanyangereko wakati hata jina lake hamjalipata. Jina, Marburg, likaja tarehe 21, na mapema Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Wizara ni hii hii, mkoa ni huu huu.

Najua kuna watalii, kuna mipaka, kuna wanunuzi wa kahawa. Jirani zetu Rwanda nao wana watalii. Walitangaza mlipuko wa kwao wa Marburg Septemba 2024, wakawa wanatoa idadi ya wagonjwa na vifo hadi Desemba walipoumaliza. Huku kwetu, ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa watu 10, wawili waliothibitishwa na 8 waliodhaniwa. Wote walikufa.

Tamko la kwanza litolewe na mganga mkuu wa mkoa, lisomwe redioni, misikitini na makanisani, na lianze na namna ya kuzika. Hesabu za maabara zitafuata.

Kanuni za afya za kimataifa zinaipa nchi saa 24 kuliarifu Shirika la Afya Duniani. Sisi tunaoosha maiti tumepangiwa saa ngapi?

Mwananchi,
Biharamulo