Side, lile neno lako limenikaa kooni

Mambo vipi Side, shemeji na watoto wazima? Huku tupo, mvua tu zinatusumbua. Najua nimekaa kimya wiki tatu, ukweli nilikuwa nimenuna. Ile siku ulivyomkuta dada Zai anacheza Return to Ravenhearst ukacheka ukasema hiyo sio adivencha, yale magemu ya kuzunguka na kufumbua mafumbo, ni gemu la kupitishia muda kama lile la kupanga vito, aisee Zai alifunga kompyuta palepale, na mpaka leo kabla hajaiwasha ananiuliza kwanza kama unakuja.

Sasa sikia. Hiyo ya Zai ni ya mfululizo wa Mystery Case Files, na ile ya mwanzo kabisa, Huntsville ya 2005, nakuachia, haimo kwenye adivencha. Unapewa orodha ya vitu, saa inakukimbiza, ukikiona unabofya kinafutika, basi. Hiyo ni kuchambua mchele, jiwe ukilitoa huendi nalo popote. Lakini hii ya Zai ya 2008 unazunguka ndani ya jumba, unaokota kitu unaondoka nacho, mbele huko ndo unajua kilikuwa cha nini. Tofauti yake na ile adivencha ya King's Quest unayoisifiaga ni ipi, kwamba humu hufi? Mbona Monkey Island, nayo adivencha, hufi, labda ukae chini ya maji dakika kumi kama bwege.

Nikaona nimekushinda, halafu nikakumbuka Myst. Ile ya 1993 hata mfuko wa kubebea vitu unavyookota haina, unabeba karatasi moja tu, nyekundu au ya bluu, na wewe ndo unaiweka namba moja kwenye adivencha! Kwa hiyo mfuko nao sio hoja. Nadhani hoja ni ule mlango ulioukuta umefungwa ukaupita, ukaenda kulala nao kichwani... sijui, nisaidie hapo. Ninachojua Zai kachora alama za mlango mmoja nyuma ya daftari la vikoba, mweka hazina kamuuliza hayo ni mahesabu gani.

Na Myst yenyewe si ilipendwa na watu ambao walikuwa hawachezi gemu kabisa? Mbona hao hukuwacheka? Halafu uliimaliza mwenyewe au ulichungulia majibu? Zai utamwambia nini? Jumapili unakuja? Na flashi yangu iko wapi, Side, mwezi wa pili huu?