Leseni ya rubani isomwe, isipigwe fotokopi tu

Mhariri,

Kila inapozuka hoja ya usalama wa ndege ndogo za binafsi zinazotua viwanja vya Kisauni, Unguja, na Chake Chake, Pemba, rai huwa ni ile ile: waongezwe walinzi, ziletwe mashine, vibali viwe vingi zaidi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako kueleza kwa nini naona dawa haiko huko. Katika viwanja vingi vidogo duniani, leseni ya rubani hutazamwa, hutolewa nakala, kisha hurejeshwa mfukoni na mtu ambaye hakufundishwa kuisoma. Begi la mgeni limepita kwenye mashine, chupa ya maji imechukuliwa, lakini suala kubwa halikuulizwa: huyu bwana anaruhusiwa kuirusha ndege hii, leo, akiwa na watu hawa?

Maofisa wengi huanza na paspoti. Waanze na mkia wa ndege, palipoandikwa herufi za usajili wake. Mkataba wa Chicago wa 1944 wa usafiri wa anga wa kimataifa, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unasema katika kifungu cha 32 kwamba rubani wa safari ya kimataifa awe na leseni iliyotolewa, au iliyoidhinishwa, na nchi iliyoisajili ndege. Uraia wa rubani hauhusiki, wala nchi anayokwenda kutua. Ndege yenye herufi 5Y, yaani iliyosajiliwa Kenya, ikitoka Wilson, Nairobi, na rubani wake ana leseni ya Kenya, hapo hakuna neno. Rubani huyo huyo akishuka akapanda ndege yenye 5H, yaani iliyosajiliwa Tanzania, leseni yake ya Kenya peke yake haimtoshi. Anahitaji idhini ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mmarekani kwenye ndege inayoanza na N, yaani ya Marekani, yuko sawa na leseni ya kwao, lakini akikaa kwenye usukani wa 5Y ulizeni idhini ya Kenya iko wapi. Hapa ndipo watu wanapoteleza mno, na mara nyingi si kwa nia mbaya. Mtu ana saa elfu mbili angani, anaamini leseni yake inafika popote.

Ukishajua nchi ya ndege, fungua leseni. Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa, ICAO, limeweka mpangilio mmoja katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba huo, na vipengele hupewa namba za Kirumi. Namba I ni nchi iliyotoa, II ni aina ya leseni, III namba yake, IV jina, VI uraia, VII sahihi ya mwenyewe. Zinazobeba uzito ni XII na XIII. Kwenye XII ndimo yalimoandikwa madaraja: ndege ya injini moja au mbili, ya nchi kavu au ya majini, kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege badala ya macho, na aina mahususi kama ni jeti. Kwenye XIII kuna maelezo na mipaka, pamoja na kiwango cha lugha. ICAO ina viwango sita vya lugha ya redio, na rubani wa safari za kimataifa hatakiwi kuwa chini ya cha 4. Mtu mwenye daraja la injini moja aliyekuja na ndege ya injini mbili huonekana hapo hapo kwenye XII bila kumuuliza chochote.

Mtego mkubwa ni tarehe ya mwisho. Ofisa aliyezoea leseni ya gari hutafuta lini inakwisha, na kwenye kadi ya plastiki ya Marekani hataiona, kwa sababu kadi ile haina tarehe ya kumalizika. Isionekane kuwa ni ya kughushi kwa hilo. Inayokwisha ni afya na mazoezi. Kwa hiyo kadi ya Marekani ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni cheti cha daktari, na nyongeza ni sahihi ya mwalimu kwenye daftari la safari kwamba rubani amepitiwa upya ndani ya miezi 24 iliyopita. Cheti chenyewe cha daktari nacho kina mtego wake: kinaonesha tarehe aliyopimwa, na msomaji ndiye anayepiga hesabu. Cheti cha afya cha daraja la tatu cha Marekani hudumu miezi 60 kwa aliyepimwa kabla ya kutimiza miaka 40, na miezi 24 kwa aliyefika umri huo. Tena Wamarekani huandika mwezi kwanza: 03/07 ni tarehe 7 Machi, si 3 Julai. Miezi minne inaweza kupotea hapo. Leseni za Ulaya nazo nyingi hazina mwisho. Tarehe za madaraja huandikwa na mtahini kwenye ukurasa wa nyuma, kwa mkono, na huo ndio ukurasa usiotolewa nakala.

Ukiwa na cheti cha afya mkononi, inua macho umtazame mwenye nacho. Vyeti vya Ulaya hutumia alama fupi. VDL maana yake lazima avae miwani au lenzi za kuonea mbali na awe na miwani ya akiba. Rubani mwenye VDL asiyekuwa na miwani usoni wala mfukoni hana ruhusa ya kuruka, hata kama karatasi zake zote zinang'aa. Huu ni ukaguzi wa nukta chache na hauhitaji mashine yoyote.

Leseni nyingi hazina picha. Marekani ilitatua hilo Oktoba 2002 kwa kumtaka rubani awe na kitambulisho cha serikali chenye picha pamoja na leseni, na ni utaratibu wa kuigwa. Kwetu Visiwani kuna tatizo la ziada, la majina. Leseni imeandika Juma Khamis Ali, paspoti imeweka Ali mwanzo, kitambulisho cha mkaazi kina majina manne. Mtu mmoja, karatasi tatu, na ofisa mpya atadhani ni watu watatu. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na sahihi kabla ya kuanza ugomvi wa jina.

Sasa pesa, na hapa nawalenga wasomaji wanaopanga safari za wageni wa Nungwi, Michamvi na Kojani. Leseni ya rubani binafsi, kwa kipimo cha ICAO, hupatikana kwa saa 40 za kuruka, au 35 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa, na haimruhusu mwenyewe kulipwa kwa kubeba watu. Leseni ya biashara inataka saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa, pamoja na cheti cha afya cha daraja la kwanza badala ya la pili. Juu ya hapo, anayeuza viti awe na cheti cha uendeshaji wa huduma za anga, kinachohusu kampuni na matengenezo yake, si rubani peke yake. Mgeni akiambiwa “tuchangie mafuta tu” kwenye ndege ya viti vinne, aulize leseni ni ya aina gani. Hasara yake haionekani siku ndege inapofika salama. Huonekana siku ya ajali, bima inapokataa kulipa kwa sababu rubani alifanya biashara asiyoruhusiwa.

Ofisa akiweza kusoma yote hayo bado hajamaliza, maana karatasi sahihi inaweza kuwa na msingi mbovu. Juni 2020, baada ya ajali ya Karachi ya mwezi uliotangulia, waziri wa anga wa Pakistan alitangaza kuwa leseni za marubani 262 zina mashaka. Wengi baadaye walisafishwa, lakini tuzingatie shaka yenyewe ilikuwa nini: mitihani. Karatasi zilikuwa za mamlaka halali. Umoja wa Ulaya ulisitisha ruhusa ya shirika la ndege la taifa la Pakistan kuruka Ulaya mwezi uliofuata, na ilichukua zaidi ya miaka minne kurejeshwa. Kinyume chake ni rubani Mswidi aliyekamatwa Schiphol, Amsterdam, Machi 2010, akiwa ndani ya Boeing 737 karibu kuondoka na abiria. Alikuwa amerusha ndege kubwa kwa miaka 13 kwa leseni ya kughushi. Katika kesi zote mbili, jicho la mlangoni lisingeona kitu. Anayejua ni aliyetoa leseni. Barua pepe kwa mamlaka husika, siku moja kabla, ikiwa na namba ya III na tarehe ya kuzaliwa, hufanya kazi ambayo fotokopi kumi haziwezi. Anuani ichukuliwe kwenye tovuti ya mamlaka hiyo, isichukuliwe kwenye barua aliyoileta rubani.

Kuna jambo moja ambalo wapenda vibali hulisahau, nalo ni kwamba anayeiba ndege hahitaji leseni. Januari 2002, kijana wa miaka 15 huko Florida aliachiwa aikague Cessna 172 kabla ya somo. Aliondoka nayo peke yake na kuligonga nayo ghorofa la benki mjini Tampa. Hakuwa hata na umri wa kuruka bila mwalimu. Agosti 2018, mfanyakazi wa ardhini wa uwanja wa Seattle aliondoka na ndege ya viti 76 isiyo na abiria. Kitambulisho chake cha kuingia uwanjani kilikuwa halali na ukaguzi wote alishaupita. Leseni ya urubani hakuwa nayo kabisa. Kwa hiyo ndege ndogo inayolala Kisauni au Pemba ifungwe kwa vitu viwili tofauti: mlango na swichi kwa funguo, na kufuli la panga boi au la mkono wa mafuta. Funguo zisikae ndani ya ndege wala kwenye droo ambayo kila mtu anaijua. Skuli ya urubani isimpe mwanafunzi funguo mwalimu akiwa bado anakunywa chai. Haya ni mambo ya shilingi chache ukilinganisha na uzio mpya.

Idadi ya watu ndani ya ndege ni suala jengine ambalo wengi hudhani limeshatatuliwa na fomu ya mpango wa safari. Si hivyo. Fomu ya ICAO ina kipengele cha 19, ambamo rubani huandika P/ kwa idadi ya watu, E/ kwa muda ambao mafuta yatadumu, A/ kwa rangi ya ndege na C/ kwa jina la rubani kiongozi. Lakini kipengele hicho hakirushwi pamoja na sehemu nyingine za ujumbe. Hubaki pale ndege ilipoondokea hadi kitakapoombwa. Mnara wa Kisauni unaweza kuwa na ujumbe wote wa ndege inayotoka Mombasa na usijue ndani wako wangapi. Marekani inataka orodha ya majina ifike kwa mtandao si chini ya dakika 60 kabla ya ndege binafsi kuondoka, na Uingereza, tangu Aprili 2024, si chini ya saa mbili na si zaidi ya 48. Sioni kwa nini orodha kama hiyo, yenye jina, namba ya paspoti na tarehe ya kuzaliwa, isitumwe Kisauni kabla ndege haijanyanyuka huko itokako, na watu wakishuka wahesabiwe dhidi yake.

Faida kubwa ya kufanya kazi mapema ni jua. Rubani wengi wa binafsi huruka kwa kuona kwa macho, na hapa kwetu jua likizama giza huingia haraka, baada ya dakika ishirini na kitu. Ndege inayotaka kuondoka Unguja kwenda Pemba saa 11 jioni ikizuiwa saa nzima kwa kutafuta nani wa kusaini fotokopi, rubani asiye na ruhusa ya usiku anabaki na mambo mawili: alale, au akimbizane na giza juu ya bahari. Baadhi watakimbizana nalo. Ukaguzi wa usalama utakuwa umezaa hatari ambayo haikuwepo. Wakati wa masika ndiyo usiseme, maana wingu la mchana nalo halingoji.

Tujue pia nani ana mamlaka ya nini. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na leseni ni kazi ya TCAA; viwanja vyetu vinasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Mlinzi wa lango ana haki ya kumzuia mtu asiingie kwenye maegesho ya ndege. Kuamua kwamba leseni ni batili si kazi yake, na asibebeshwe. Ninachopendekeza ni karatasi moja ya plastiki pale langoni: herufi za mkia, namba za Kirumi, hesabu ya miezi ya afya, alama za miwani, na namba ya simu ya mkaguzi wa zamu wa TCAA anayepokea hata siku ya Ijumaa mchana. Mafunzo ya kuisoma karatasi hiyo hayazidi asubuhi moja.

Shaka ikitokea, leseni isinyang'anywe. Kifungu cha 16 cha Mkataba kinaruhusu kukagua ndege na hati zake bila kuchelewesha kusiko na sababu, na kifungu cha 29 kinataka leseni iwemo ndani ya ndege. Ukiichukua ukaifungia kwenye droo, rubani hana tena haki ya kuisogeza ndege hata kama kesho itabainika hana kosa, na maegesho ya Pemba si makubwa hivyo. Ipigwe picha kurasa zote, ya mbele na ya nyuma, iandikwe saa na jina la aliyekagua, mkaguzi apigiwe simu, na ndege izuiwe kwa maandishi yenye sababu.

Wako,
Rubani mwenye leseni binafsi,
Kiembesamaki, Unguja