Shukrani kwa waliotuzikia mzee wetu, na mwaliko wa msaragambo wa mikoko

Familia ya marehemu mzee wetu, mtetezi wa haki za wakata mkonge na baadaye za wavuvi wadogo wa Tanga, inawashukuru wote waliokuwa nasi tangu msiba ulipotufika mpaka tukaanua tanga. Majina ni mengi, hatuwezi kuyamaliza. Hatuna budi kuwataja vijana wa Ngamiani waliochimba kaburi, kina mama waliokesha jikoni, masheikh waliosoma hitima, na majirani zetu Wakristo walioleta viti na masufuria ya kanisani kabla hawajaombwa. Mwenyezi Mungu awalipe.

Wazikaji walikuwa wa makabila mengi, na wenyeji wa Tanga hawakushangaa. Mashamba ya mkonge yalijazwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea na hata Msumbiji, hasa baada ya wenye mashamba kuunda SILABU mwaka 1944, ofisi yao ya kutafuta vibarua. Ujira ulihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Asiyemaliza sehemu ya kazi aliyopimiwa, siku hiyo haikuandikwa. Mdai haki mmoja mmoja hakupata kitu. Ilibidi Mha, Mngoni na Mmakonde wasimame pamoja, na marehemu alitumia maisha yake kwenye kazi hiyo.

Kaburi la marumaru hatutajenga. Rambirambi zilizobaki zitagharimia chai, maji ya kunywa na usafiri wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, wa kupanda mikoko baada ya arobaini. Wamarekani nao, kwa sheria ya mwaka 1994, humuenzi Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, kwa kazi za kujitolea Jumatatu ya tatu ya Januari. Sisi hatukungoja sheria.

Kwa watakaokuja: mikoko ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo tunapita kwanza kwa Wakala wa Misitu (TFS) na kikundi cha wanakijiji kinachosimamia mwambao na uvuvi (BMU). Tutapanda maji yakiwa yamekupwa, siku za maji mafu, yaani yasiyojaa sana, maana bamvua, maji makubwa, hung'oa mbegu kabla hazijashika. Okoteni mbegu zilizoanguka zenyewe, zisizo na matundu ya wadudu. Zikikaa kivulini siku chache zinanyauka kidogo na kaa hawazipendi sana. Ncha iliyochongoka iende chini, theluthi ya urefu izame topeni, chipukizi libaki juu. Kila mwaka kuna wanaozipanda kichwa chini, tena watu wazima! Nafasi ni mita moja, hivyo eneo la mita 20 kwa 20 linakula mbegu 400 hivi.

Kosa kubwa ni kupanda kwenye tope tupu la mbele ya bahari kwa kuwa tu liko wazi na linapendeza kwenye picha. Pale maji hukaa muda mrefu mno, mche haupumui, na wale wadudu wa magamba wanaogandia ngalawa huuelemea. Tutapanda palipokatwa mikoko, karibu na visiki, nyuma ya mililana, ile mikoko inayoota mbele kabisa baharini.

Kazi haiishi siku hiyo. Nailoni na nyavu kuukuu zinazoletwa na maji hulaza miche, kwa hiyo kutakuwa na zamu za kuziondoa na kujaza mapengo. Vijana wa msikitini na wa kwaya wamekubali kupangwa zamu moja, mchanganyiko.

Hitima ya arobaini itasomwa nyumbani baada ya alasiri. Jina la zamu lipelekwe kwa balozi wa nyumba kumi. Njooni na ndoo na viatu vya kufunga, ndala zitabaki topeni.