Somo yangu, kuhusu yule mzee wa Freetown

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Wa baada ya salamu, sisi huku wazima, ila mvua imetukamata na paa la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Barua yako niliipata Alhamisi. Umenichokoza uliposema eti umajumui wa Afrika, ile fikra ya Waafrika wote kuwa kitu kimoja, umezaliwa na akina Nkrumah wa Ghana. Basi kaa nikupe habari za Edward Wilmot Blyden, maana wiki nzima sizungumzi la mwingine, hata watu wa nyumbani wamenichoka.

Kazaliwa 1832 huko Charlotte Amalie, kisiwa cha St. Thomas, enzi hizo kikiwa mikononi mwa Denmark. Baba fundi cherahani, mama mwalimu. Watu huru, ingawa utumwa ulikuwa nje ya mlango wao. Mwaka 1850 akaenda Marekani kutafuta masomo ya uchungaji. Vyuo vitatu vikamkataa, kosa lake rangi. Na mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria ya kuwasaka watumwa waliotoroka, kwa hiyo mweusi, hata aliye huru, alitembea na roho mkononi. Desemba akapanda meli kwenda Liberia. Alikuwa na miaka 18. Mimi nilipokuwa na miaka hiyo nilikuwa nalia kwa sababu ya hesabu.

Vyeo vyake nakupitisha mbio: mwalimu mkuu, profesa wa Kigiriki na Kilatini katika Chuo cha Liberia, waziri wa mambo ya nje, balozi London. Mwaka 1885 akagombea urais, akashindwa. Si hayo yaliyoninyima usingizi.

Kilichoninyima usingizi ni Kiarabu. Huyu bwana alijua kwamba bara, nyuma ya pwani ya Liberia, kuna Waislamu weusi wenye vyuo vyao na vitabu vyao, na yeye na Kigiriki chake chote hawezi kusoma hata barua zao. Mwaka 1866 akafunga safari hadi Misri na Lebanon kujifunza. Huko Giza akaingia ndani ya piramidi kubwa, akasimama mle gizani akijiambia kwamba hii ni kazi ya wazee wake. Aliporudi akaanza kuwafundisha Kiarabu vijana wa Monrovia. Hebu fikiri, somo: mchungaji wa Kikristo, ubao mweusi, alifu, be, te.

Mwaka 1871 siasa za Monrovia zikamgeuka, nusura auawe na kundi la watu, akakimbilia Freetown, Sierra Leone. Kutoka huko akaingia bara mpaka Falaba na Timbo. Aliyoyaona safarini ndiyo yaliyokuja kuivisha kitabu chake kikubwa kuhusu Ukristo, Uislamu na mtu mweusi, kilichotoka London 1887. Hoja yake ni hii: Mwafrika akisilimu hubaki na heshima yake mbele ya watu wake, lakini aliyebatizwa na wamisheni hufundishwa kumwiga Mzungu mpaka ajionee haya. Mwaka mmoja kabla ya kitabu alikuwa ameshajitoa katika kanisa lake la Presbiteri. Wala hakusilimu rasmi.

Hapa ndipo nilipogombana naye, nikaweka kitabu chini nikaenda kuteka maji. Laiti angeshuka Mkunazini! Soko la watumwa la Unguja, lililokuwa hapohapo, lilifungwa 1873, kwa shinikizo la Waingereza kwa Sultani Barghash. Waliowanunua wale watu waliswali swala tano kama wewe na mimi. Sisi tuliozaliwa pwani hii hatuwezi kuusifu Uislamu kwa ulimi laini kama wake, tukaruka Kilwa na Bagamoyo. Tena ana mengine: aliwachukia machotara waziwazi, na Wazungu walipoigawa Afrika yeye akaona heri, akitumaini hawatakaa sana. Mtu mwenye akili ile!

Lakini nilirudi kukiokota. Ule msemo wa nafsi ya Kiafrika ambao Nkrumah aliupenda mno, Blyden aliutamka Freetown mwaka 1893. Na kile kitabu chake cha 1908 kuhusu maisha na desturi za Waafrika, anavyoeleza ardhi kuwa ya wote na jamaa kushirikiana kazi na chakula, ungeziba jina la mwandishi ungedhani unasoma Ujamaa wa Mwalimu wa 1962. Kwa hiyo nipe haki yangu, umeshindwa.

Alifariki Freetown, Februari 1912. Ibada ilikuwa ya Kikristo, lakini jeneza walilibeba Waislamu. Mstari huo niliusoma mara tatu.

Sasa nina ombi. Lile kasha la marehemu babu yako, ambalo shangazi huliwekea mashuka juu yake: zile barua zake za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu bado zimo? Tulipokuwa wadogo tulizichezea duka, tukizifanya noti. Chuoni ulinishinda kusoma, nami najua bado unaweza. Ukija Idd njoo nazo, tukae barazani unisomee moja moja nami niandike. Usizikunje, zitakatika. Na shangazi mwombe mwenyewe, mimi bado ananikumbuka kwa kile kikombe.

Wako,
Somo