Skittles hazijapigwa marufuku California

Mhariri salamu,

Nimesoma kwenye gazeti lenu eti California imepiga marufuku Skittles, zile pipi za rangirangi, nikacheka, halafu nikasema hapana ngoja niandike, maana mimi naishi hukuhuku na wanangu juzi tu walikuwa nazo mdomoni.

Sheria yenyewe gavana Gavin Newsom aliisaini Oktoba 2023, inaanza kazi Januari 1, 2027, na inakataza vitu vinne tu kwenye chakula: rangi nyekundu iitwayo Red 3, potasiamu bromati ya kwenye unga wa mkate, mafuta ya mimea yenye bromini yanayotiwa kwenye soda, na propilparabeni ya kuzuia chakula kisiharibike. Skittles ziliingizwa kwa vile mwanzoni titaniamu dioksaidi, rangi nyeupe iliyokuwa ndani ya Skittles wakati huo, nayo ilikuwemo kwenye mswada, wakaitoa kabla haujapita, lakini jina la Skittles likabaki midomoni mwa watu. Hata pipi zenye Red 3 haziondoki dukani, kiwanda kinabadilisha rangi basi.

Kilichoniudhi hasa ni pale mwandishi wenu anaposema majimbo yanajifanya yanajua kuliko Washington, yaani serikali kuu. Jamani, hiyo Washington ilikaa muda gani? Mwaka 1990 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya serikali kuu, waliikataza Red 3 kwenye vipodozi, lipstiki na kadhalika, kwa sababu panya madume waliolishwa nyingi walipata saratani ya tezi ya shingo, ila kwenye chakula wakaiacha, yaani mama asijipake mdomoni lakini mtoto ruksa kuimeza! Wameifuta Januari 2025, California ishapitisha yake zamani. Haya, FDA wanasema kilichowapata panya hakitokei hivyo kwa binadamu, sawa, nakubali, lakini sheria yao wenyewe ya 1960 inasema rangi ikileta saratani kwa mnyama hairuhusiwi, sasa walikuwa wanasubiri nini?

Na siyo siasa za California peke yake, jimbo la West Virginia linaongozwa na chama cha Republican na wametoa rangi saba kwenye chakula cha shule tangu Agosti 2025.

Ila na mimi nisijifanye msafi. Dada yangu hunitumia ubuyu kutoka Zanzibar, mwekundu mpaka vidole haviogeki siku mbili, nao ninawapa watoto walewale ninaowasomea maandishi ya nyuma ya pakti. Nikampigia simu nikamuuliza dada hii mnatia rangi gani, akanijibu, "Rangi ya ubuyu."

Mama Salma,
California