Maajenti wasiwafundishe vijana kudanganya kwenye fomu za viza

Mhariri,

Nina saiba ndogo mjini Mombasa, hatua chache kutoka Posta. Wanaotaka cheti cha tabia njema hupitia kwangu kuchapa fomu ya C24, mbele na nyuma kwenye karatasi moja, kabla ya kwenda kupigwa alama za vidole. Hao hawanipi shida. Wanaonitia uchungu ni wa viza, kwa sababu ya maajenti wao.

Juzi nilikuwa namjazia kijana wa Likoni DS-160, fomu ya viza ya Marekani. Amepata kazi kwenye meli ya watalii. Tukafika pale panapoulizwa kama umewahi kukamatwa au kupatikana na hatia, hata kama baadaye ulisamehewa. Akanyamaza, akawa anakwangua ukingo wa meza kwa ukucha. Kumbe miaka ya nyuma alipigana Mtwapa, akapelekwa kortini, akatozwa faini. Akampigia ajenti wake, simu kwenye spika. "Andika hapana. Wazungu watajulia wapi?"

Mhariri, ugomvi ulioishia faini kwa kawaida haumfungii mtu mlango wa Marekani. Ofisa hutazama ni kosa gani na hukumu ilikuwaje. Kinachofunga mlango ni uongo: ukibainika ulidanganya ili upate viza, sheria yao hukuzuia maisha, mpaka upewe ruhusa maalumu. Uingereza nako unaweza kufungiwa miaka 10. Ajenti hapo keshakula pesa zake.

Tena kila nchi ina mizani yake. Kwetu kosa kubwa la jinai kwa jumla ni lile la kifungo cha miaka 3 kwenda juu. Kanada, tangu Desemba 2018, huhesabu kuendesha gari ukiwa umelewa kuwa kosa zito, hata kama huku ulilipa faini ukaenda zako.

Kuna na hawa wenye waranti ya kukamatwa. Mtu alipewa dhamana, siku ya kesi hakwenda, akadhani mambo yamejifia. Hayafi. Sheria yetu inasema waranti hudumu mpaka itekelezwe au ifutwe na korti iliyoitoa. Wengine huamua kukwepa kituo cha mpakani cha Lunga Lunga na kupita njia za panya kuingia Tanzania, wakajiongezea kesi ya uhamiaji juu ya ile ya kwanza. Si kwamba kila waranti hufika Interpol, shirika la polisi la kimataifa, kama wanavyotishana barazani. Notisi nyekundu, yaani ombi lao la kumsaka mtu katika nchi nyingine, huombwa kwa makosa mazito. Lakini ni afadhali uende mwenyewe kortini, ukiwa na wakili ukimudu, umweleze hakimu kilichokuzuia na kuomba waranti ifutwe, kuliko kushikwa mbele ya foleni ukiwa na sanduku mkononi.

Na korti zetu nazo, faini tunazilipa kwa simu, sasa zinashindwa nini kumtumia mtu ujumbe kwamba ametolewa waranti?

Yule kijana nilimwambia sibonyezi "Hapana" kwa mkono wangu. Akafikiri kidogo, akavuta maus akabonyeza "Ndiyo" mwenyewe, tukaandika mistari miwili ya maelezo. Ajenti alikuwa keshakata simu. Kesho yake kijana akaenda kortini kutafuta nakala ya hukumu yenye muhuri. Faili bado linatafutwa.

Mwenye saiba,
Mombasa